UZI: Sarafu za makaisari wa Roma. Maandishi yanajisifu, madini yanaumbua

Denari Moja (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Kwenye ule uzi wa shilingi za Mwalimu na heller za Mjerumani nilikuwa nachomekea habari za Roma kila nikipata upenyo, mpaka wenye uzi wakanifukuza kwa upole: nenda kafungue wako. Haya, nimefungua. Vuteni viti.

Nianze na bei, maana ndiyo inayowakimbiza wengi. Mtu akisikia "sarafu ya Kaisari" anadhani ni mali ya makumbusho na mabilionea. Wapi! Roma iligonga sarafu kwa mamilioni, karne baada ya karne, na watu walizifukia kwenye vyungu kila hali ilipochafuka. Wengi wao hawakurudi kuzichukua. Mwaka 2016 mafundi waliokuwa wanachimba mtaro kwenye bustani moja mjini Tomares, jirani na Sevilla kule Hispania, walikuta mitungi 19 yenye kama kilo 600 za sarafu za shaba za karne ya 4. Kilo mia sita! Ndiyo maana kisarafu cha shaba cha wana wa Constantine, kinachosomeka vizuri tu, unakipata kwa chini ya dola 20. Denari ya fedha ya Septimius Severus au ya mwanawe Caracalla inaanzia dola 50 hadi 100 hivi, kutegemea hali yake. Dhahabu ndiyo habari nyingine, hapo andaa maelfu.

Mfumo wenyewe aliupanga Augustus, kaisari wa kwanza. Juu kabisa ni aureus ya dhahabu, sawa na denari 25 za fedha. Denari moja ni sestertius 4, na hizo zilikuwa sarafu kubwa nzito za shaba ya manjano. Sestertius moja ni asi 4 za shaba nyekundu. Askari wa miguu wa jeshi la Augustus alilipwa denari 225 kwa mwaka, tena wakamkata humo humo gharama ya chakula na nguo.

Denari mnaijua wote hata kama hamjui kama mnaijua. Mathayo 22: "Nionyesheni fedha ya kodi." Wakaleta dinari. "Ni ya nani sanamu hii, na anwani hii?" Injili haisemi ilikuwa sarafu ipi hasa, ila wakusanyaji wengi huihusisha na denari ya Tiberius, kwa kuwa ndiyo aliyeitoa kwa wingi enzi zile. Ukiigeuza mbele, anwani inasomeka TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. Maana yake Tiberius Kaisari Augustus, mwana wa Augustus aliye mungu. Nyuma ni mwanamke ameketi na maneno PONTIF MAXIM, kuhani mkuu. Yaani waliomwendea Yesu kumtega walikuwa na maandishi yanayomtaja mtu kuwa mwana wa mungu, na wako hekaluni. Mahubiri mengi niliyosikia yanairuka hiyo anwani. Wauzaji hawairuki: denari hiyo huuzwa ghali kuliko wenzake, sababu kila Mkristo mwenye kabati la sarafu anaitaka.

Sasa nije kwenye kilichonivuta mimi. Sarafu ya Roma ina mambo mawili yanayobishana. Picha na maandishi ni serikali inajisifia. Madini ni hali halisi ya hazina. Na huhitaji shahada kuona ugomvi huo.

Denari ya Augustus ilikuwa karibu fedha tupu, asilimia 97 au 98. Mwaka 64, mwaka ule ule Roma ilipoungua, Nero akaanza kuchakachua. Ratili moja ya Kirumi iliyokuwa inatoa denari 84 sasa ikatoa 96, na humo ndani kukaongezwa shaba, kiwango cha fedha kikashuka hadi karibu asilimia 80. Waliofuata wakapandisha kidogo, wakashusha tena. Domitian alipandisha mshahara wa askari hadi denari 300, na mshahara wa askari ukishapanda haushuki. Severus akafika takriban nusu kwa nusu. Mwaka 215 Caracalla akatoa sarafu mpya ambayo siku hizi tunaiita antoninianus. Utaitambua kwa taji la miale kichwani. Inaaminika ilihesabiwa kama denari mbili, ila fedha iliyomo ilikuwa ya denari moja na nusu hivi. Huo ni wizi mchana kweupe, umevikwa taji. Kufikia 268, mwisho wa utawala wa Gallienus, antoninianus ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5. Shaba.

Kilichobaki ni ujanja wa uso. Walikuwa wanaishughulikia sarafu ili fedha kidogo iliyopo ije juu, itoke kiwandani ikiwa nyeupe. Baada ya miezi sokoni weupe unakwisha. Nina moja ya Gallienus hapa mezani ninapoandika. Kwenye mifereji kati ya herufi bado kuna weupe uliojificha, lakini pua, shavu na kingo za ndevu ni nyekundu, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zinasuguana na vidole na mifuko. Kaisari ameumbuka kuanzia puani.

Na maandishi yanasemaje? Mwaka 260 baba yake, Valerian, alikamatwa mateka na Shapur wa Uajemi. Gaul, yaani Ufaransa ya leo, ikajitenga chini ya Postumus, na mashariki mji wa Palmyra, Syria, ukajiendesha wenyewe. Katikati ya vurugu hiyo Gallienus akatoa sarafu ya dhahabu iliyoandikwa VBIQVE PAX: amani kila mahali.

Nerva naye. Mwaka 97 walinzi wake mwenyewe walimzingira ikulu wakamlazimisha awakabidhi waliomuua Domitian. Angalia denari zake: mikono miwili imeshikana, CONCORDIA EXERCITVVM, umoja wa majeshi. Severus aliwagonga wanawe wawili, Caracalla na Geta, wamepeana mikono chini ya neno CONCORDIA. Desemba 211, baba hajamaliza mwaka kaburini, Caracalla akamuua mdogo wake, na kwenye baadhi ya sarafu za miji ya mashariki sura ya Geta ikakwanguliwa kabisa.

Mimi najisomea hivi: sarafu ikisifia jambo kupita kiasi, ujue jambo hilo ndilo lililokuwa limeadimika.

Nitaendelea. Maswali yanakaribishwa, matusi pia ila yawe na hoja.

Ngurumo76

Mkuu umetisha. Kumbe uchakachuaji haukuanzia kwenye vituo vya mafuta. Ila swali: wananchi walikuwa vipofu? Mtu anakupa shaba iliyopakwa weupe na wewe unapokea?

Denari Moja

Walijua vizuri sana. Waliokuwa na denari nzuri za zamani walizificha, wakatumia mbovu kulipia kodi na sokoni. Ndiyo maana vyungu vya karne ya 3 vinavyofukuliwa vinasimulia mengi.

Ushahidi wa maandishi nao upo. Kule Oxyrhynchus, Misri, kuna barua ya mafunjo ya mwaka 260. Wenye meza za kubadilisha fedha walifunga biashara, hawataki kupokea sarafu za watawala. Mkuu wa wilaya akatoa amri: fungueni, mpokee sarafu zote isipokuwa zile ambazo ni feki waziwazi, na asiyetii ataadhibiwa. Ukiona serikali inalazimisha watu kwa amri wapokee pesa yake yenyewe, ujue pesa hiyo imeshakufa.

Baadaye Diocletian akajaribu njia nyingine. Mwaka 301 akatangaza bei za juu kabisa za karibu kila kitu: ngano, divai, viatu, ujira wa fundi, ada ya mwalimu. Adhabu ya kuvuka bei ni kifo. Lactantius, aliyeishi wakati huo na aliyemchukia Diocletian kwa sababu ya mateso ya Wakristo, anasema bidhaa zilitoweka sokoni kwa hofu. Aliyepanga foleni ya sukari enzi zile anaelewa bila kufafanuliwa.

Mtoto wa Nyali

Salaam kutoka Mombasa. Hii ya kuweka kichwa cha kiongozi kwenye pesa, sisi Kenya tumeimaliza. Katiba ya 2010, kifungu cha 231: noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu binafsi. Sarafu mpya zilipotoka 2018 tukapata twiga, kifaru, simba na ndovu. Hakuna rais. Hao Warumi walianza lini huo mchezo?

Denari Moja

Kaka, umegusa penyewe. Warumi walikuwa na msimamo kama wenu. Miaka yote ya jamhuri, kwenye sarafu za Roma waliwekwa miungu na mababu waliokwisha kufa, aliye hai hapana. Kumweka aliye hai ni mambo ya wafalme, na Roma ilijivunia kwamba ilifukuza wafalme. Aliyevunja mwiko ni Julius Caesar, mwaka 44 KK. Wiki chache baadaye wakamchoma visu, tarehe 15 Machi.

Sasa sikia uhondo. Brutus, kiongozi wa waliomuua kwa jina la uhuru, alipokuwa anakusanya jeshi mwaka 42 KK alihitaji sarafu za kuwalipa askari. Akagonga denari yenye majambia mawili, katikati kofia wanayovaa watumwa waliopewa uhuru, na chini EID MAR, yaani Ides za Machi, ile tarehe 15 ya mauaji. Upande wa mbele akaweka kichwa cha nani? Chake mwenyewe! Amemuua mtu kwa kujifanya mfalme, kisha yeye naye akapiga picha ile ile.

Baada ya hapo hakuna aliyerudi nyuma. Kwa watu wengi wa himaya ile sura ya Kaisari waliyoijua ni ya kwenye sarafu tu. Mtu akinyakua kiti cha enzi, kitu cha mwanzo ni kutafuta mafundi wa kugonga sarafu. Kuna waliotawala miezi miwili tu na sarafu zao tunazo. Didius Julianus ni mmoja wao. Mwaka 193 walinzi walimuua Kaisari Pertinax, halafu wakakinadi kiti cha enzi pale kambini kwao. Julianus akashinda kwa ahadi ya sestertius 25,000 kwa kila mlinzi. Alitawala kama wiki tisa hivi, akauawa.  Sarafu zake ni adimu na wauzaji wanajua hivyo.

Wakili Mtaani

Nasoma kwa furaha lakini niulize lisilopendeza. Hiyo sarafu ya Brutus, toleo lake la dhahabu, si ndiyo iliyouzwa London kwa mamilioni halafu ikaonekana hati zake za asili ni za kughushi? Nyinyi wakusanyaji ndio soko la wezi wa makaburi. Pasipo mnunuzi hakuna mchimbaji wa usiku.

Denari Moja

Ndiyo yenyewe. Iliuzwa Oktoba 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3, na Machi 2023 waendesha mashtaka wa New York wakairudisha Ugiriki. Historia ya umiliki iliyoandikwa kwenye katalogi ilikuwa ya kutungwa. Hoja yako siipingi, nakuongezea tu.

Sarafu ikitolewa ardhini kwa siri, tunapoteza zaidi ya sarafu. Mwaka 2010, huku Somerset, Uingereza, jamaa mmoja mwenye mashine ya kutafutia madini alikuta chungu shambani karibu na mji wa Frome. Alipoona mdomo wa chungu akaacha kuchimba, akaita wataalamu. Walizitoa tabaka kwa tabaka: sarafu 52,503, kama kilo 160. Kwa kuwa walijua kila moja ilikaa wapi, waligundua kwamba sarafu za Carausius, aliyejitangaza kaisari huku Britania, za mwisho kabisa kwa umri, nyingi zilikuwa chini ya nusu ya chungu, wala si juu. Maana yake chungu kilijazwa kwa mkupuo, si mtu anayedunduliza mwaka hadi mwaka kama kibubu. Ndipo baadhi wakapendekeza kuwa ilikuwa sadaka kwa miungu. Angezichota kwa ndoo usiku tusingejua lolote. Makumbusho ya Somerset yalizinunua kwa pauni 320,250, na fedha hizo akalipwa aliyezikuta pamoja na mwenye shamba.

Hapa Uingereza sheria ya 1996 inataka hazina ya namna hiyo iripotiwe ndani ya siku 14. Si kamilifu, ila inampa mtu sababu ya kusema ukweli. Mimi nanunua kwa muuzaji anayeonyesha ilipotoka: mnada wa zamani, katalogi, mkusanyo wa marehemu fulani uliosajiliwa. Nikiambiwa tu "ilikuwa ya babu Uswisi" narudisha pochi mfukoni.

Wakili Mtaani

Nimekuelewa, ingawa bado nakutilia mashaka kwa asilimia fulani. Endelea.

Bint Pangani

Shikamooni wakubwa. Hizi sarafu ziliwahi kufika pwani yetu? Babu yangu alikuwa anasema Warumi walifika mpaka kwetu.

Denari Moja

Marahaba binti. Biashara yao ilifika, hilo halina ubishi. Kuna mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, ulioandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri, unaoitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Unaitaja pwani yetu kwa jina la Azania, na soko lake la mwisho, Rhapta. Anasema eneo hilo lilikuwa chini ya watu wa Muza, Yemen ya leo, na kwamba manahodha wao Waarabu walioa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Unaona ukoo wetu ulivyoanza?

Lakini tazama orodha ya bidhaa zilizopelekwa: mikuki iliyotengenezwa Muza makusudi kwa soko hilo, vishoka, visu, vyombo vya kutobolea, vitu vya kioo. Divai na ngano kidogo, si za kuuza, ni za kuwafurahisha wenyeji. Kilichotoka: pembe za ndovu, pembe za faru, magamba ya ng'amba. Sarafu hazimo. Linganisha na bandari za India. Kuhusu Barygaza anasema peleka denari za dhahabu na fedha, zinabadilishwa kwa faida. Kuhusu Muziris anasema fedha taslimu nyingi. Na kweli, kusini mwa India zimefukuliwa denari za Augustus na Tiberius kwa maelfu. Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi, alilalamika kwamba India inainyonya himaya sestertius milioni 50 kila mwaka kwa sababu ya anasa.

Kwa hiyo kwetu ilikuwa mali kwa mali. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliripoti shanga za kioo za Kirumi kutoka eneo la Rufiji, na hizo zinaendana na orodha ya yule mfanyabiashara kuliko sarafu. Wa karibu yetu walioishika hasa habari ya sarafu za dhahabu ni Aksum, Ethiopia na Eritrea ya leo. Mfalme wao Endubis alianza kugonga zake mwishoni mwa karne ya 3, na Ezana, alipoingia Ukristo, akaondoa mwezi na jua kwenye sarafu akaweka msalaba.

Mwalimu wa Zamu

Nafundisha historia kidato cha tatu, nataka kuwaonyesha watoto hii kitu. Mtu asiyejua Kilatini anaanzaje kusoma hayo maherufi? Na akitaka moja ya kuanzia achukue ipi?

Denari Moja

Mwalimu, Kilatini cha sarafu ni vifupisho vichache vinavyojirudia. IMP ni amiri jeshi. AVG ni Augustus. P M ni kuhani mkuu. COS ni konsuli, cheo cha juu serikalini, na namba inayofuata ni mara ngapi amekishika. P P ni baba wa taifa. Muhimu kuliko vyote ni TR P, mamlaka ya tribuni (mtetezi wa raia wa kawaida), kwa sababu yalihuishwa kila mwaka. Ukikuta TR P na namba baada yake unaweza kuifunga sarafu kwenye mwaka mmoja. Herufi U inaandikwa V. Ukishasoma, nenda kwenye hifadhidata ya bure mtandaoni inayoitwa OCRE, ya Chama cha Sarafu cha Marekani. Andika ulichosoma, itakuletea aina na picha.

Kwa darasa, nunua ya karne ya 4, ni rahisi na huna cha kuhofia ukiipitisha kwa wanafunzi hamsini. Chagua ile ya VRBS ROMA: mbele Roma kavaa kofia ya chuma, nyuma mbwa mwitu ananyonyesha Romulus na Remus. Au FEL TEMP REPARATIO, "heri ya nyakati imerudi", ambapo askari anamchoma mkuki adui aliyeanguka na farasi wake. Heri gani hiyo, waulize wanafunzi wako. Chini kabisa kuna alama ya kiwanda: ALE ni Alexandria, ANT ni Antiokia, CONS ni Constantinople.

Ukitaka kuwachekesha, ongeza kidogo utafute antoninianus ya Otacilia Severa, mke wa Philip Mwarabu, wa mwaka 248. Roma ilikuwa inatimiza miaka elfu moja, wakaleta wanyama wa kila namna uwanjani, na kila mnyama akapewa sarafu yake: simba, paa, kulungu. Mama huyu akapewa kiboko. Kanenepa vizuri, kasimama anaangalia kulia. Mwaka uliofuata Philip akauawa alipopambana na aliyemrithi.

Ngurumo76

Mke wa rais anapewa kiboko na ndoa inaendelea. Warumi walikuwa na moyo.

Kisima cha Kale

Mkuu naomba msaada wa haraka. Shemeji yangu alikwenda Uturuki na kundi la kanisa, wakapita Efeso. Nje ya geti kijana mmoja akamvuta pembeni, akamnong'oneza kwamba baba yake kaiokota shambani, akamuuzia kwa dola 80. Mbele mtu ana taji la miale, PROBVS inasomeka. Nyuma gari la farasi wanne limeelekea mbele, dereva kainua mkono, SOLI INVICTO. Pembeni C na M, chini XXIQ. Ina thamani?

Denari Moja

Umeisoma vizuri. Huyo ni Probus, alitawala 276 hadi 282. Dereva ni Sol, Jua Lisiloshindwa. CM ni alama ya kiwanda cha Cyzicus, kwenye Bahari ya Marmara, na Q inaonyesha karakana ya nne. XXI ilianza kwa Aurelian, mwaka 274, alipojaribu kuirudishia sarafu heshima. Maelezo yanayokubalika zaidi ni sehemu 20 za shaba kwa 1 ya fedha. Yaani baada ya uchakachuaji wote ule, serikali ikaona iandike kiwango kwenye sarafu yenyewe. Aina hiyo, ya kweli, ni ya kawaida tu.

Sasa nakuombea jambo ambalo kwa kawaida simwombei mtu: iwe feki. Uturuki sheria namba 2863 ya mwaka 1983 inakataza kabisa kutoa mali ya kale nje ya nchi, na watalii wamewahi kushikwa uwanja wa ndege kwa vitu vya mfukoni. Kama ni ya kweli, shemeji ana tatizo kubwa kuliko dola 80.

Fanya hivi. Iangalie ukingo, si uso. Ya kweli iligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili ya chuma, kwa hiyo ukingo huwa na nyufa ndogo, na umbo haliwi duara kamili. Ya kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu huacha mstari unaozunguka, au alama za tupa pale walipojaribu kuufuta. Uso wake huwa na vitundu vidogo, na herufi zinakuwa laini, kona zimelala. Kisha ipeleke kwa sonara yeyote mwenye mizani ya uhakika. Nyingi za Probus zinacheza kwenye gramu 3.5 hadi 4.5.

Usiisugue na limao wala majivu! Utu wake uko kwenye ile ngozi ya kijani na kahawia.

Kisima cha Kale

Mrejesho. Sonara anasema gramu 5.9. Mstari upo, unazunguka wote, sehemu moja umepigwa tupa. Vitundu vimejaa kwenye shingo ya Kaisari. Na ile kijani imetoka kidogo kwenye kidole nilipoishika na jasho.

Denari Moja

Basi ni ya kalibu na rangi ya kupaka. Mwambie shemeji alale usingizi, hana kosa la jinai, ana kumbukumbu ya safari. Akiipenda ile picha ya Jua na farasi wake, anunue ya kweli kwa muuzaji mwenye hati, itamgharimu chini ya alichompa yule kijana.

Kisima cha Kale

Anauliza kama kuna namna ya kurudishiwa dola 80 zake.

Wakili Mtaani

Ashtaki kwa kosa gani? Kwamba alitaka kununua mali ya wizi akauziwa halali?